Je, Nikimsahau?

Walipouimba wimbo ule mara ya pili, hakuna aliyesema neno. Mwenyekiti Torleiv alikuwa ametangaza wimbo namba mia tatu na kumi, watu wakafunua vitabu, wakasafisha koo, kinanda kikaanza. Lakini kilichotoka kwenye kinanda ni wimbo waliokuwa wameumaliza dakika tano tu zilizopita. Watu wa nyumba ya sala, thelathini na wanane kwa hesabu ya siku ile, wakatupiana jicho la pembeni. Kisha mama mmoja wa viti vya nyuma akaanza kuimba, wengine wakafuata, wakauimba tena beti zote nne, kwa sauti kubwa kuliko mara ya kwanza, kama watu wanaomfunika mwenzao nguo iliyomvuka.

Borgny aligundua walipofika ubeti wa tatu. Kitabu kilikuwa wazi mbele yake, mia tatu na kumi, nota zote ziko pale, na vidole vyake vilikuwa vinakwenda kwingine kabisa. Miaka thelathini na miwili alikuwa amekalia kiti kile, akiwapigia watu arusi na maziko. Hakuweza kuacha. Kuacha katikati kungekuwa kukiri mbele ya wote. Akapiga hadi mwisho, halafu akamtazama mumewe. Sigbjørn alikuwa kiti cha mbele, amevaa koti lake la siku kubwa, anatazama sakafu.

Na siku yenyewe ilikuwa yao. Walikuwa wanaagwa. Ukutani palitundikwa ramani ya Madagaska yenye pini nyekundu, na juu ya meza kulikuwa na keki tatu na sahani za mikate myembamba ya siagi na sukari. Baada ya wiki tano wangeondoka kwenda kukaa miaka miwili kwenye shule ya misheni ya watoto vipofu: Sigbjørn, seremala aliyestaafu kutoka kiwanda cha meli, angetengeneza mapaa na vitanda, Borgny, mwalimu wa shule ya msingi, angewafundisha watoto kinanda. Mpango huo waliubeba miaka ishirini. Walisubiri binti yao amalize masomo, wakasubiri mama yake Sigbjørn afe kwa raha kitandani kwake, wakasubiri kustaafu. Sasa hapakuwa na cha kusubiri tena.

Kwenye kahawa, Oddlaug, mama aliyekuwa anamimina, alimshika Borgny bega.

"Wimbo mtamu ule," alisema. "Unastahili kurudiwa, au sivyo?"

Akacheka. Borgny naye akacheka. Kicheko kile kilimuuma kuliko kama angetukanwa.

 

"Umechoka tu," Sigbjørn alisema ndani ya gari. Mvua ilikuwa inapiga kioo kwa ubavu, kama kawaida ya kisiwa chao cha kaskazini mwezi wa kumi. "Kufunga mizigo, barua, watu kuja na kutoka. Hata mimi jana nilitafuta miwani nikiwa nimeivaa."

"Sijachoka."

"Basi wasiwasi wa safari."

"Sigbjørn, Jumanne nilisimama pale njia panda ya dukani nisijue nyumbani ni kulia au kushoto."

"Jumanne kulikuwa na ukungu."

"Hakukuwa na ukungu. Kulikuwa na jua. Nilisimama na mfuko wangu wa maziwa kama mgeni aliyeshushwa na meli, hadi alipopita mtu ninayemjua, nikamfuata nyuma. Sikumkumbuka jina."

Sigbjørn alikaza mikono kwenye usukani.

"Na ile fomu ya afya ya misheni," Borgny aliendelea, maana akinyamaza sasa asingepata tena ujasiri, "sijaituma. Iko kwenye droo chini ya vitambaa vya meza. Wameuliza habari za kumbukumbu. Nimeshindwa kuandika uongo, nimeshindwa kuandika ukweli."

"Mungu hawezi kutuita miaka ishirini," alisema mumewe taratibu, "halafu atufungie mlango tumeshafika kizingitini. Mimi sikubali. Mungu wangu hana utani wa namna hiyo."

"Na kama ameshaufunga?"

"Usiseme hivyo!"

Alisema kwa sauti ya mtu anayemkemea mtoto aliyesogea karibu na jiko la moto. Hapo ndipo Borgny alipojua kwamba mumewe naye alikuwa anaogopa, na kwamba ameogopa muda mrefu.

Ingelin, binti yao, alikuja Jumatano kutoka mjini. Alikuwa muuguzi kwenye nyumba ya wazee, mtu wa maneno machache. Alifungua kabati atoe vikombe, akabaki ameushika mlango. Ndani ya mlango ule palikuwa pamebandikwa vikaratasi vya njano, kumi na kitu, kwa mwandiko safi wa mwalimu. *Zima jiko. Chumvi imeshatiwa? Alhamisi: takataka. Ingelin anakuja Jumatano.* Akafungua kabati la pili, navyo vilikuwepo.

"Mama, hivi vina muda gani?"

"Tangu Pasaka."

"Pasaka ya mwaka huu?"

Borgny alijifanya anakausha meza kwa kitambaa. Meza ilikuwa kavu. Ingelin akakaa kwenye kiti, akatoa simu yake akampigia daktari wa kisiwani bila kumwomba mtu ruhusa.

 

Daktari alikuwa Jostein, kijana wa palepale kisiwani, na Borgny ndiye aliyemfundisha kusoma. Alimfundisha pia kuitambua saa. Mtoto huyu alikuwa amelia wiki nzima kwa ajili ya mishale ile miwili, mkubwa na mdogo, mpaka mwalimu wake akamtengenezea saa ya karatasi ngumu kutoka kwenye kifuniko cha boksi la biskuti. Sasa alikuwa na nywele zinazoanza kupungua na viatu vya bei.

"Mwalimu, utanisamehe," alisema. "Haya ni maswali ya kawaida tu. Kila mtu tunamuuliza."

"Uliza, Jostein. Mimi nilikuuliza mengi."

Akamtajia maneno matano ayaweke kichwani: ndoo, theluji, fundi, kengele, mkate. Akamuuliza mwezi na mwaka, akajibu vizuri. Akamwambia ahesabu kwa kurudi nyuma, akaenda hatua tatu akapotea. Kisha akamsogezea karatasi yenye duara.

"Hii ni sura ya saa. Niwekee namba zake zote, halafu na mishale, saa yoyote unayopenda."

Borgny alishika kalamu. Aliandika polepole, kwa mwandiko uleule uliokuwa ubaoni miaka yote. Sigbjørn na Ingelin walikuwa wamekaa nyuma yake, ukutani, na alipomaliza alisikia mmoja wao anavuta pumzi. Aliitazama karatasi. Namba zilikuwa zote kumi na mbili, alizihesabu. Zilikuwa zimebanana upande mmoja wa duara, na upande wa pili ulikuwa mweupe, mtupu. Alihisi kuna kitu hakipo sawa, kama mtu anavyoingia chumbani kwake akahisi samani zimesogezwa, ila hakuweza kuonyesha kwa kidole ni nini.

"Ni sawa?" aliuliza, na sauti iliyomtoka ilikuwa ya mwanafunzi.

Jostein alivua miwani akaifuta kwa pindo la shati.

"Tutakupeleka hospitali kubwa, Mwalimu, wakupige picha za kichwa."

"Sikuuliza picha. Ni sawa au si sawa?"

"Si sawa."

"Ahsante," alisema Borgny. "Nilikufundisha usiseme uongo, nashukuru umeshika hata hilo."

Katika yale maneno matano alikumbuka mawili. Jostein akaeleza, huku anatazama mezani, kwamba mpaka majibu yatoke asiendeshe gari. Borgny akafungua mkoba akatoa funguo za gari, akamkabidhi. Hakuwa ametakiwa kufanya hivyo. Jostein alizishika hajui azifanye nini, halafu akampitishia Ingelin juu ya kichwa cha mama yake, kama watu wazima wanavyopokezana glavu za mtoto.

 

Majibu ya hospitali yalichukua siku kumi na tisa. Ni maradhi ya kusahau, walisema, yale yasiyo na dawa, tena yamemwahi mapema. Walieleza kwa upole na wakampa kijitabu chenye picha ya wazee wanaotabasamu kwenye bustani. Siku ya pili yake mama mmoja wa ofisi ya misheni alipiga simu. Sigbjørn alisikiliza amesimama wima. "Ndiyo," alisema. "Ndiyo. Tunaelewa. Ndiyo, nafasi wapeni wengine." Alipokata simu alibaki ameiangalia mkononi, na Borgny alimwona kwa mara ya kwanza kuwa ni mzee.

Alhamisi hiyo ndugu watatu wa nyumba ya sala walikuja kumwombea, Torleiv mbele, na kichupa kidogo cha mafuta mfukoni. Walivua viatu mlangoni wakaingia na soksi zao za sufu, wakubwa kwa umbo, wapole, hawajui waweke wapi mikono. Borgny akakaa kwenye kiti katikati ya sebule. Torleiv alimpaka mafuta kwenye paji la uso kwa kidole chake kigumu cha mfuga kondoo, wakaomba kwa zamu. Sigbjørn alisimama dirishani, amewapa mgongo.

"Tukiamini bila shaka yoyote, dada Borgny," alisema Torleiv baada ya amina, "hili litaondoka. Huenda Bwana anaipima tu imani yenu kabla hajawatuma."

"Na lisipoondoka, kaka Torleiv, itakuwa nani alikuwa na shaka? Mimi?"

"Aa, sikumaanisha hivyo."

"Najua. Lakini nitakuwa nimekaa hapa najiuliza, mpaka siku nitakaposahau hata kujiuliza."

Mmoja wa ndugu akakohoa. Borgny alijifuta mafuta yaliyokuwa yanateremkia kwenye nyusi.

"Naomba niulize kitu," alisema. "Niulize sasa, ningali najua ninachouliza. Wamesema nitaanza kupoteza majina. Halafu nyuso. Halafu hata mwanangu ataingia mlangoni nimwamkie kama mgeni. Mimi siogopi kufa, mnanijua, nimewapigia kinanda wangapi wakizikwa. Naogopa kitu kimoja tu. Tangu utotoni, kwenye nyumba ileile ya sala, nimefundishwa kwamba wa Mungu ni yule anayemwamini. Sasa ije siku niamke sijui jina lake. Sijui hata kama yupo. Mtaniimbia, nami nitasikia kelele tu. Siku hiyo mimi nitakuwa wa nani? Je, nikimsahau?"

Wote wakamtazama Torleiv, maana kwa miaka thelathini hapajatokea swali pale kisiwani lisilokuwa na jibu lake, hata la bei ya sufu.

Torleiv alikiviringisha kile kichupa mikononi.

"Sijui, dada," alisema hatimaye. "Sijawahi kuliwaza hilo. Sijui."

Wakanywa kahawa. Walipoondoka, Torleiv alirudi kutoka getini peke yake, akasimama mvuani kichwa wazi.

"Jumapili nitakupitia na gari," alisema. "Kupiga kinanda usipige kama hutaki. Utakaa tu na sisi. Kukaa huwezi kukosea."

Borgny alipofunga mlango alisikia nyundo. Akaenda dirisha la nyuma. Sigbjørn alikuwa kwenye banda lake la useremala, anayabomoa yale masanduku aliyoyaunda kwa ajili ya vyombo vyake vya kazi, yaliyokwisha kuandikwa kwa rangi nyeusi majina yao na jina la bandari waendako. Hakuwa anavunja kwa hasira. Alikuwa anang'oa msumari mmoja mmoja, anaunyoosha, anauweka kwenye kopo, na utaratibu ule ulimtisha mkewe kuliko kama angemwona anapiga kelele.

 

Tangu siku hiyo Sigbjørn hakukanyaga nyumba ya sala. Torleiv akija na gari Jumapili, Borgny anatoka peke yake, na mumewe anajifanya anasikiliza habari redioni. Si hilo tu. Katika nyumba ile, miaka yote ya ndoa yao, Sigbjørn ndiye aliyekuwa anaomba mezani, sala fupi aliyoirithi kwa baba yake. Sasa akawa anakaa, anajipakulia viazi, anakula.

Siku ya tatu Borgny akamwambia, "Hukuomba."

"Kula, chakula kinapoa."

"Sigbjørn."

Aliweka kisu chini.

"Nimwambie nini? Ahsante? Miaka ishirini nimemwambia nitakwenda. Sikutaka makubwa, nilitaka nikaezeke paa la watoto vipofu, Borgny, paa! Na badala ya kunichukua kunipeleka huko ananichukulia wewe, kipande kwa kipande, tena ananiweka kiti cha mbele nitazame. Nimshukuru kwa lipi, kwa viazi?"

Borgny alikuwa amepigwa na hofu iliyokuwa kubwa kuliko ya kwa daktari, kubwa kuliko ya njia panda. Maana katika siku zile zote, bila kumwambia mtu, alikuwa na kitegemeo kimoja: siku yeye atakaposahau, Sigbjørn atakuwa anakumbuka. Atamkumbukia. Atasema maneno karibu na sikio lake, hata akiyasikia kama kelele. Sasa alimtazama mtu yule mwenye akili zake zote timamu, anatafuna bila kuinua macho, akajiuliza: tukishakuwa hivi wote wawili, ndani ya nyumba hii atabaki nani wa kumjua Mungu?

Alijaribu kumwomba Mungu jambo hilo usiku na mchana. Hakuomba apone. Alishaona kwamba hilo halipo kwenye mazungumzo. Aliomba Mungu asimwache Sigbjørn, na kila alipomaliza alibaki na woga, hana hakika kama ameomba leo au anakumbuka la jana. Wiki zile aliunguza sufuria mbili. Alimwita Ingelin kwa jina la dada yake yeye Borgny, aliyekufa. Kuna asubuhi alisimama bafuni na mswaki mkononi, akilia, kwa kuwa hakujua kupiga mswaki kunaanzia wapi.

Sigbjørn aliyaona yote. Alikuwa amejifunza kuutambua uso wa mkewe unapotafuta kitu ndani na kukikosa: midomo inasogea kidogo, macho yanakimbilia juu ya dari. Ingelin alimfundisha asimkatize. Msubiri, Baba, usimpe neno haraka, muache alitafute mwenyewe.

Jumamosi moja, saa kumi alasiri, walikaa kula kama kawaida yao. Nje giza la majira yale lilishaanza kuingia. Kulikuwa na kababu za samaki alizozikaanga Sigbjørn mwenyewe, na viazi, na karoti zilizopondwa. Akachukua uma.

Borgny akakunja mikono.

"Baba," alisema, "umetupa cha leo."

Uma ukasimama hewani. Ilikuwa ile sala ya baba yake, yenye sentensi mbili tu, ambayo mkewe hakuwahi hata siku moja kuitamka, maana ilikuwa ya mwenye kiti cha baba wa nyumba.

"Cha kesho..." alisema Borgny, akanyamaza.

Sigbjørn aliutazama mvuke wa viazi. Akasubiri. Midomo ya mkewe ilisogea kidogo, macho yakapanda darini, na sura ile Sigbjørn aliijua. Aliiona mkewe akitafuta neno birika, aliiona akitafuta jina la mtoto, na sasa imefika kwenye sala. Mvua ilikuwa inapiga bati la banda. Alimsubiri kama alivyofundishwa, akahesabu pumzi zake, na neno halikuja.

"Cha kesho," Borgny alirudia, kwa sauti ndogo, akamgeukia mumewe. Alimtazama tu.

"Tunakuachia," alisema Sigbjørn. Akaanza upya, sentensi nzima. "Cha kesho tunakuachia."

"Amina," alisema Borgny.

Mumewe aliweka uma, akalaza kichwa juu ya mikono palepale mezani, akalia kwa kishindo, mabega yakimruka. Borgny alivuta sahani kando ili mkono wa sweta usiingie kwenye mchuzi, akaweka kiganja chake kisogoni kwa mumewe, akakiacha hapo hadi alipotulia. Kisha wakala. Chakula kilikuwa kimeshapoa.

Sasa, ukweli ni huu, na Borgny hakumwambia mtu yeyote, hata Ingelin. Neno lile siku ile hakuwa amelisahau. Lilikuwa limekaa mdomoni mwake zima, na alilizuia kwa meno, huku anaogopa kwamba akilishikilia muda mrefu litaponyoka kweli. Alitaka kusikia kama bado limo ndani ya mumewe. Siku ya kulisahau ilikuwa njiani, alilijua hilo, labda mwakani, labda kabla theluji haijayeyuka, na hofu yake haikuondoka jioni ile wala iliyofuata. Lakini muda kidogo alikuwa nao, na kazi ya kufundisha aliifahamu.

Kesho yake, baada ya kupakua, alikunja mikono tena, akaanza, akafika palepale, akanyamaza, akasubiri.